Sahani Arobaini na Mbili

Ijumaa nilikuwa mhandisi. Jumatatu nikaitwa meneja.
Kofia ileile nyeupe, buti zilezile,
ila simu sasa hailali,
na kikokotoo changu kimeingia droo ya chini
kama kiatu kilichobaki kimoja.

Magomeni Mikumi, ghorofa ya tatu.
Jumamosi tunamwaga jamvi.

Wiki nzima nilipanga.
Saruji mifuko mia nne na ishirini,
nondo zimefungwa, zimekaguliwa, zimepigwa picha,
maboza mawili ya maji, vaibreta mbili, ya tatu akiba.
Hata mvua niliiwekea turubai.
Karatasi ikapendeza, nikaibandika mlangoni pa stoo.
Mwinjuma mtunza stoo akaisoma kwa kidole, mpaka chini,
akauliza:
"Watu watakula wapi?"
Nikacheka. Nikasema, hilo dogo.

Chuoni mwalimu aliandika ubaoni:
kupanga, kuandaa, kuongoza, kudhibiti.
Nikayakariri, nikafaulu,
kama mtu anayekariri namba ya nyumba
asiyokusudia kuingia.

Saa saba mchana lile dogo likasimama mbele yangu
na miguu themanini na miwili.

Mama Tekla wa gengeni alipika sahani ishirini
kama kila Jumamosi. Nani alimwambia?
Mashine zinazunguka tupu, mabeleshi yamelala chali,
na zege halina subira,
zege halijui cheo cha mtu,
likianza kushika, limeshika.
Muda wake wa kushika naujua kwa dakika.
Sikujua kwamba Lukelo, wa toroli la sita,
alitoka Chamazi saa kumi alfajiri
na tumboni ana kikombe kimoja cha kahawa.

Nikatuma pikipiki tatu: Mapipa, Mwembechai, Kagera.
Zikarudi na chapati, na maharage,
na sufuria la wali wa shughuli ya watu,
sikuuliza shughuli gani.
Halafu aibu ikanishika, nikashika karai.
Nikapanda ngazi nalo. Vibarua wakapiga vigelegele.
Nikapanda tena. Nikajisikia kiongozi.

Ngaiza, nyapara wetu, akanisimamisha kwenye ngazi:
"Mhandisi, tua hilo karai.
Wabebaji ninao arobaini.
Ukibeba na wewe, nani anatazama?"

Nikatua. Nikakasirika pia, siwezi kudanganya.

Siku ya saba, maabara.
Michemraba sita chini ya mashine, mmoja mmoja:
kumi na nane, kumi na saba, kumi na tisa,
kumi na nane, kumi na saba.
Wa sita, wa ukingo wa mashariki: kumi na moja.
Ukapasuka mapema, kwa sauti ndogo,
kama mtu anayetafuna ubuyu.

Mtu aliongeza ndoo ya maji ili zege gumu lilainike.
Sikumwona.
Nilikuwa nimebeba karai.

Shirima, mtu wa mwenye nyumba, akanisogelea:
"Andika kumi na saba. Ukingo tu, nani atajua?"
Nikafikiria balkoni. Nguo za mtoto kwenye kamba.
Mama anaegemea chuma, anamwita muuza ndizi.

Nikaandika kumi na moja.
Kwenye safu ya "Sababu" nikaanza: *uzembe wa vibarua*.
Nikakata.
Nikaandika: *Meneja aliambiwa kuhusu chakula, akacheka.*
Nikatia saini. Jina lote, pamoja na la babu.

Jumanne tulivunja ukingo. Mita tatu.
Nyundo ya umeme ilinguruma tangu asubuhi,
na kila kipande kilichoanguka nilikijua bei yake.
Lukelo alizoa kifusi. Hakuniangalia,
wala hakuacha kuniangalia.

Mlangoni pa stoo kuna karatasi mpya.
Haipendezi kama ya kwanza, ina mikwaruzo,
mistari miwili ni mwandiko wa Ngaiza,
mmoja wa Mwinjuma, wa kalamu nyekundu.
Saruji imeshuka mpaka mstari wa tatu.
Wa kwanza unasema:
*Sahani 42. Mama Tekla ameambiwa tangu Alhamisi.*

Ya arobaini na mbili ni yangu.
Nitaila nimesimama,
macho juu ya jamvi.